Kidole kitobolewe mara ngapi?

Tangu majirani zangu hapa Kadutu wajue kwamba nina ugonjwa wa sukari na kwamba mashine ya kupimia iko ndani ya nyumba, swali wanaloniuliza zaidi si la chakula wala la dawa za miti. Ni hili: mtu apime mara ngapi kwa siku? Wanataka namba moja, kama ile "asubuhi na jioni" inayoandikwa kwenye karatasi ya vidonge. Namba hiyo haipo. Kuna mtu ambaye lazima apime mara nne au zaidi kila siku, apende asipende. Kuna wa kupima asubuhi peke yake. Na kuna asiyehitaji kupima kila siku hata kidogo, na hao ni wengi kuliko wanavyojidhania. Kinachowatenganisha kwanza ni dawa wanayotumia. Hofu haimo kwenye hesabu hiyo. Pesa nayo haikupaswa kuwemo, lakini tunaishi Bukavu, na kopo la bandeleti, vile vijiti vya kudondoshea damu na kuchomeka kwenye mashine, linanunuliwa kwa dola.

Parseli yetu, yaani kiwanja tunachoishi, ina wagonjwa wawili wenye kanuni mbili. Mimi ni mwalimu, nina sukari ya aina ya pili, nakunywa metformini. Shangazi yangu anachoma sindano ya insulini, homoni inayoshusha sukari, mara mbili kwa siku, ile ya mchanganyiko inayoandikwa 30/70, kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Nikimwambia kwamba mimi naweza kumaliza wiki bila kujitoboa, ananiona mvivu. Nikimwambia kwamba yeye haruhusiwi kufanya hivyo, anasema ninajipendelea. Nianze na upande wangu, kwa kuwa ndio unaobishaniwa.

Metformini ikiwa peke yake ni nadra sana kuangusha sukari hadi kiwango cha hatari. Inalizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu na inausaidia mwili kuitikia insulini uliyonayo. Hailisukumi kongosho kutoa insulini zaidi. Kwa hiyo mtu wa metformini anayepima kila asubuhi halindi hatari ya ghafla. Anatafuta habari tu. Je, habari hiyo inamfaa? Katika jimbo la North Carolina, Marekani, watafiti waliwachukua watu 450 wenye aina ya pili wasiotumia insulini, wakawagawa makundi matatu: wasiopima kabisa nyumbani, waliopima mara moja kwa siku, na waliopima mara moja kwa siku huku mashine ikiwarudishia ujumbe wa kuwatia moyo. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Baada ya mwaka mzima, wastani wa sukari wa makundi hayo haukuwa na tofauti ya maana. Kabla ya hapo, mwaka 2012, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikuwa wamekusanya majaribio 12 ya namna hiyo, wakaona faida ndogo baada ya miezi sita, ambayo ilikuwa karibu imeyeyuka mwaka ulipotimia. Na huko Ireland ya Kaskazini, mwaka 2008, watu waliokuwa wamegundulika karibuni walifuatiliwa: waliopewa mashine walionyesha dalili za huzuni zaidi kuliko wasiopewa.

Hilo la huzuni halikunishangaza. Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya serikali, hupima kila alfajiri kabla ya sala, kisha ananingojea mlangoni niende shule.

"Mwalimu, leo 168."

"Na jana, Papa?"

"Jana 159. Inapanda, unaona!"

"Jana ulikula nini?"

"Si ile ile ya kila siku."

"Na sasa hiyo 168, utaifanyia nini?"

"Nitaifanyia nini tena? Nimeshaiandika."

Daftari lake ni zuri kuliko la mwanafunzi wangu yeyote. Limepigwa mistari kwa rula, wino wa bluu kwa tarehe, mwekundu kwa namba. Anakunywa metformini kama mimi. Namba ikipanda kidogo anashinda amenuna na kumgombeza mke wake kwa chumvi, ambayo haina hatia katika jambo hili; ikishuka kidogo jioni anajizawadia bia ya Primus. Lakini 159 na 168 (ni miligramu za sukari kwa desilita ya damu, ndivyo mashine zetu zinavyohesabu) kwa mashine ya nyumbani ni kitu kimoja. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kuzikagua mashine hizi, kile cha mwaka 2013, kinaruhusu majibu yatofautiane na maabara kwa asilimia 15 juu au chini, sukari ikiwa 100 au zaidi. Yaani sukari ya kweli ikiwa 160, mashine nzima isiyo na kasoro inaweza kukuonyesha 136 au 184 na bado ikawa imefaulu mtihani. Mzee wetu anafurahi na kununa kwa sababu ya vitu ambavyo mashine yenyewe haivioni.

Kwake na kwangu, chombo cha kutuambia tunakwendaje ni hemoglobini glike, ile HbA1c ya kwenye karatasi ya maabara. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120, na muda wote huo sukari inaigandia. Ndiyo maana kipimo hicho kinaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Kwa mtu wa kazi yangu ni rahisi kukieleza: HbA1c ni buletini, ile ripoti ya mwanafunzi ya mwisho wa tirimesta, na kidole ni swali moja mwalimu analomwuliza mtoto ubaoni. Mtoto anaweza kukosea swali la Jumanne na bado akapita. Asilimia 7 ya HbA1c inalingana na wastani wa karibu 154, na kwa watu wazima wengi hapo ndipo daktari anapotaka tuwe chini yake. Kama dawa imebadilishwa au lengo halijafikiwa, kinarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ukishatulia, mara mbili kwa mwaka zinatosha. Pesa ya makopo mawili ya bandeleti ambazo hazibadilishi kitu, mimi naipeleka huko.

Kuna onyo moja ambalo hapa kwetu lisisahaulike. Congo ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye SS, anemia ile ya chembe mundu. Chembe za mtu huyo haziishi siku 120, zinakufa mapema, kwa hiyo HbA1c yake inaweza kutoka nzuri wakati sukari ni mbaya. Ni vilevile kwa aliyeongezewa damu juzi, au ambaye malaria imemvunjia chembe nyingi. Huyo amwambie daktari, na kwake vidole vinarudi kuwa na kazi kubwa.

Sasa, kwa nini basi nina mashine?

Kwa sababu kuna maswali ambayo buletini haijibu. Inakwambia tirimesta ilikuwa mbaya, haikwambii ni somo gani. Langu lilikuwa fufu, ugali wetu wa muhogo. Nilipoambiwa HbA1c imepanda, kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake: mke wangu alisema sukari ya kwenye chai, shangazi alisema mandazi ya pale shuleni, mimi nikamshuku mchele wa Jumapili. Muuguzi mmoja, binti mdogo mwenye subira, aliniambia niache kubishana nao. "Papa, pima kabla hujaanza kula, halafu hesabu saa mbili tangu tonge la kwanza, pima tena. Kesho chakula kingine." Ndivyo nilivyofanya, chakula kimoja kwa mara moja, bandeleti mbili kwa kila sahani.

Chai ilikuwa na makosa madogo. Wali ulikuwa na makosa ya wastani. Fufu ya muhogo, lile bonge langu la kawaida pembeni ya samaki wadogo wa sambaza na sombe (majani ya muhogo) kidogo, ilinitoa 118 ikanipeleka 226. Lengo tunalopewa wengi ni 80 hadi 130 kabla ya kula na chini ya 180 baadaye. Tofauti ya zaidi ya mia moja kwa sahani moja haihitaji mtaalamu wa kuisoma, wala si kosa la mashine. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Nikarudia siku nyingine kwa bonge nusu, mboga za lengalenga zikajaza nafasi iliyobaki, na kijiko kikubwa cha maharage: 121 kabla, 171 baada. Sambaza zilikuwa zilezile. Siku ya tatu nikala bonge kamili kisha nikapanda kwa miguu kutoka soko la Kadutu hadi nyumbani, na kilima hicho kilinipunguzia zaidi ya nilivyotegemea.

Nilipopata majibu hayo nikaacha. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wanaiona ngumu kuamini. Fufu haibadilishi tabia kila Jumapili, hakuna haja ya kuihoji tena. Narudia maswali ya namna hiyo dawa ikibadilishwa, au siku chache kabla ya kumwona daktari ili nimpelekee picha ya siku nzima: kabla na baada ya kila mlo, na wakati wa kulala, kwa siku mbili au tatu zinazofuatana. Ukurasa mmoja wa namna hiyo daktari anausoma hapo hapo. Daftari la mzee jirani, kurasa na kurasa za alfajiri peke yake, nimewahi kuona likifunguliwa, likapapaswa na kufungwa.

Mpaka hapa nimesema juu ya metformini. Ukiongeza glibenklamidi, yote hubadilika, na watu wengi wa mji huu wanazinywa zote mbili bila kujua kwamba ni dawa za tabia tofauti. Glibenklamidi inalilazimisha kongosho kutoa insulini, umekula au hujala. Karatasi inasema asubuhi na jioni. Nyumba inasema tunakula mara moja, jioni. Hapo ndipo hatari ilipo. Mama anakunywa kidonge saa moja asubuhi na chai kavu, anashuka sokoni na bidhaa kichwani, anashinda juani bila kitu, na saa kumi anaanza kutoka jasho la baridi, anatetemeka, anajibu wateja mambo yasiyoeleweka. Watakaomwona watasema presha. Mwanamume akifanya hivyo watasema amelewa. Wazee na watu wenye figo dhaifu ndio wanaopigwa zaidi, kwa sababu dawa inakaa mwilini mwao muda mrefu.

Mtu wa namna hiyo, swali lake si la asubuhi. Asubuhi yake huwa nzuri. Swali lake liko alasiri, siku ambayo chakula kimechelewa, na kila mara anapohisi mwili haueleweki. Chini ya 70 sukari imeshuka. Chini ya 54 ni jambo zito. Anahitaji kama gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa ndani ya maji, au glasi ndogo ya Fanta ya kawaida. Baada ya dakika 15 apime tena, kama bado iko chini arudie, kisha ale chakula cha kweli. Na kama hana bandeleti hata moja? Anywe sukari kwanza. Glasi moja ya maji ya sukari kwa mtu ambaye kumbe alikuwa na 150 haitamuua. Ila kama alikuwa na 45 na mkaenda kutafuta mashine mtaa wa pili, hapo mmechezea maisha. Akiwa hajitambui asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Na kwa glibenklamidi, hata akizinduka, sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa, kwa hiyo bado aende.

Motari anayekunywa dawa hii au kuchoma insulini ana jambo la ziada: apime kabla ya kuwasha pikipiki. Hilo ningeliweka kando ya kofia ngumu.

Nije kwa shangazi. Kwa mtu wa insulini hakuna mjadala wa kama apime. Jaribio kubwa la Marekani na Kanada lililochapishwa 1993, la watu 1,441 wenye aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautengenezi tena insulini, lilionyesha kwamba matibabu ya kubana, ambayo ndani yake mtu alipima mara nne au zaidi kwa siku na kurekebisha dozi, yalipunguza sana uharibifu wa macho, figo na mishipa ya fahamu. Neno la kuangalia hapo ni kurekebisha dozi. Mtoto wa aina ya kwanza apime kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, na zaidi akiwa mgonjwa au akicheza mpira. Kwake bandeleti ni sehemu ya dawa yenyewe. Mama mjamzito mwenye sukari naye yuko karibu na hapo: anapoamka na baada ya kila mlo, na malengo yake ni makali kuliko yetu, chini ya 95 kabla ya kula na chini ya 120 saa mbili baadaye.

Kwa mchanganyiko wa mara mbili kama wa shangazi, cha muhimu ni kujua kila namba inaisemea sindano ipi. Alikuwa akiamini kwamba namba ya asubuhi inamwonyesha achome kiasi gani asubuhi hiyo. Kumbe namba ya asubuhi inatoa ripoti ya sindano ya jana jioni, na namba ya kabla ya chakula cha jioni inatoa ripoti ya sindano ya asubuhi. Tulipolichora hilo kwenye karatasi kwa mishale, alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo wale wawili wanasengenyana." Sasa daftari lake lina safu mbili, na daktari anajua ni dozi gani ya kuguswa.

Kuna pia kipimo cha saa tisa usiku, ambacho anakichukia kwa moyo wote. Hakifanywi kila siku. Kinafanywa pale asubuhi inapotoka juu siku kadhaa mfululizo na daktari anataka kuongeza dozi ya jioni, au mtu anapoamka amelowa jasho, kichwa kinamgonga, ndoto zimemchosha. Kabla ya kuongeza insulini ni lazima ujue kama usiku sukari haishuki. Mimi ndiye ninayeamka kushika toshi. Yeye ananyoosha mkono kutoka chini ya blanketi bila kufungua macho, na kidole anachonipa ni kidogo cha kushoto, kila mara hichohicho, mpaka ngozi ya pembeni imekuwa ngumu. Nimeshamwomba abadilishe vidole, anasema hicho ndicho alichokitoa sadaka.

Februari 2025 vita vilipofika mjini, benki zikafungwa, na kopo la bandeleti likawa kitu cha kuulizia kwa simu kutoka Nyawera hadi Panzi. Hapo tulijifunza kupanga. Kwanza tulitenga bandeleti za akiba, tukazifungia ndani ya kopo lake la asili, zisiguswe ila kwa dalili za kushuka au kwa ugonjwa. Zilizobaki tukazizungusha: leo kabla ya chai, kesho kabla ya chakula cha mchana, keshokutwa kabla ya jioni, siku inayofuata wakati wa kulala, kisha tunaanza tena. Bandeleti moja kwa siku, na baada ya wiki mbili unaona umbo la siku nzima, ingawa halijatokea siku moja. Si sawa na kupima mara nne, na kwa mtoto wa aina ya kwanza nisingethubutu kulipendekeza kama jambo la kawaida. Kwa mtu mzima ambaye dozi yake imetulia, ni mara kumi bora kuliko kuzimaliza zote wiki ya kwanza kisha kukaa gizani. Muuguzi alipoiona safu yetu aliipiga picha aonyeshe wengine.

Ugonjwa unavunja ratiba zote. Homa na maambukizi huipandisha sukari hata kama hujala, na mgonjwa wa insulini asiache sindano kwa kisingizio cha kukosa hamu. Apime kila baada ya saa nne hivi. Ikipita 250 huku anatapika au tumbo linauma, mkojo upimwe ketoni (asidi zinazojikusanya mwili ukikosa insulini), na safari ni ya hospitali. Malaria ina mambo yake. Ikiwa kali inaweza yenyewe kuangusha sukari, na kinini ya dripu, ambayo bado utaikuta kwenye vituo vingi, inalichochea kongosho kutoa insulini. Ndugu anayelala chini ya dripu hiyo apimwe sukari hata kama hana ugonjwa wetu, sembuse mwenye nao. Upande wa pili kuna deksametazoni. Inapandisha sukari kwa nguvu, na hapa watu hawaipati kwa daktari peke yake: imo ndani ya vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni kwa akina dada. Binti akianza kukojoa usiku kucha na kiu haimwishi, muulizeni kwa upole anachokunywa.

Juu ya namna ya kupima nitasema machache, kwa kuwa namba mbovu ni mbaya kuliko kukosa namba. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha. Aliyetoka kumenya nanasi akapima bila kunawa atasoma sukari ya nanasi. Toboa pembeni mwa kidole, si katikati ya ncha. Kopo lifungwe mara tu bandeleti inapotoka, maana unyevu unaziharibu. Kuna famasi moja, sitaitaja, iliyoniuzia bandeleti za rejareja zimefungwa ndani ya kikaratasi cha daftari. Zilinipa namba tatu tofauti kwa tone la kidole kilekile. Tangu siku hiyo nanunua kopo zima lenye tarehe, hata kama ni kwa kuchangiana na mzee jirani.

Kuchangiana kopo kunakubalika. Kuchangiana sindano ya kutobolea hapana, hata kati ya mume na mke, hata ukiifuta kwa alkoli. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinapita kwa damu ndogo sana isiyoonekana kwa macho, na vinapita pia kwa kile kikalamu kinachoishika sindano. Jirani akija nimpime, aje na sindano yake mpya. Mimi natoa mashine na bandeleti, bila kikalamu. Wengine wamenuna. Sawa.

Limebaki moja la ndugu zetu walio nje, kwa sababu kila Desemba linajirudia. Wanatutumia mashine, na tunawashukuru, lakini kila mashine inakula bandeleti za kampuni yake tu, na nyingi wanazotuma hazina bandeleti hapa Bukavu wala Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi. Kisha inayotoka Kanada au Uingereza inasoma kwa kipimo kingine, milimoli. Mtu aliyezoea namba zetu akiona 9.4 anadhani anakufa kwa kushuka. Azidishe kwa 18 apate karibu 169. Wengine wanaulizia zile sensa za kubandika mkononi kama FreeStyle Libre, zinazosoma mchana na usiku kwa wiki mbili hivi. Ni nzuri sana kwa mtu wa insulini, hasa usiku, lakini moja ikiisha unahitaji nyingine, na nyingine. Kabla ya kulipa, piga simu uulize kopo gani linapatikana mjini mwezi huu.

Binamu yangu wa Brussels alipopiga kusema amepata mashine ya kisasa inayoongea na simu, shangazi alininyang'anya simu mkononi. "Mwanangu, mashine ninazo mbili na zote zina njaa. Lete makopo."